Mwanamke "Amechorwa" na Nani? Historia Fupi ya Mwili Mnene Mbele ya Brashi

Utangulizi

Katika madaftari yetu ya fasihi, tangu sekondari mpaka hapa chuoni, hakuna kitenzi kilichotumikishwa kama "kuchorwa". Mwanamke amechorwa kama chombo cha starehe. Mwanamke amechorwa kama mlezi wa familia. Mwanamke amechorwa kama mtu jasiri. Unataja jina la mhusika, unatoa mfano mmoja kutoka kitabuni, unaweka nukta, unahesabu alama. Sote tumefanya hivyo na tumefaulu. Lakini hebu tujiulize, ndugu msomaji, kitenzi chenyewe kinasema nini? Kiko katika kauli ya kutendwa. Kinamwonesha aliyechorwa na kumficha aliyechora. Tena kinaficha zaidi ya hapo: kinaficha muda uliotumika, zana, mahali, ujira na maelewano. Kwa neno moja, kinaficha kazi.

Makala haya yanakichukua kitenzi hicho kwa maana yake ya kwanza kabisa, ile ya rangi na brashi. Nitaangalia jinsi wanawake wanene walivyochorwa katika sanaa ya Ulaya, na hasa jinsi Lucian Freud alivyomchora Sue Tilley mjini London katika miaka ya 1990. Nimechagua mfano wa mbali kwa sababu kazi hiyo imesimuliwa hatua kwa hatua, na aliyechorwa mwenyewe amepata nafasi ya kusema, jambo ambalo ni nadra. Hoja yangu ni moja. Hatuwezi kuamua kama picha imemdhalilisha mwanamke au imemkweza mpaka tujue ilifanyikaje, na katika kufanyika huko yeye alikuwa nani.

Kwa nini wanene? Kwanza, mwili mnene ndipo mtazamaji anapokuwa na haraka kuliko kawaida. Akiuona tu, ameshamaliza: huyu anacheka, huyu anatamani, huyu anashauri mazoezi. Pili, mimi mwenyewe ni mmojawapo. Bwenini naitwa Bonge, na jina limeshakaa. Sisemi hivi ili nihurumiwe. Nasema ili msomaji ajue nimesimama wapi, maana mhakiki asiyesema amesimama wapi ni wa kuogopwa.

Msamiati wetu na neno "modo"

Kiswahili hakina uhaba wa maneno juu ya jambo hili. Kuna mnene, bonge, tipwatipwa; upande wa pili kuna mwembamba na kimbaumbau. Mtu akitoka likizo akaambiwa "umenawiri", huenda ni sifa, huenda ni kijembe, inategemea anayesema na sauti anayoitumia. Maneno haya yote yana tabia moja: ni ya mtazamaji. Hakuna hata moja linaloeleza mtu anavyouishi mwili huo, anavyoulaza usiku, au anavyoubeba kupanda ngazi za maktaba.

Liko pia neno "modo". Mtaani kwetu modo ni binti mwembamba, mrefu, wa kutembea jukwaani. Lakini asili ya neno ni mtu anayekaa mbele ya msanii ili achorwe au achongwe, awe na umbo lolote. Katika makala haya nitalitumia kwa maana hiyo ya kazi. Modo wangu mkuu ni mnene, na alikuwa mwajiriwa wa serikali.

Rubens na mke wake

Anayeanza historia hii mara nyingi huanza na Peter Paul Rubens (1577-1640), mchoraji wa Antwerp. Amechora wanawake wenye mapaja mazito na matumbo laini kwa wingi kiasi kwamba katika lugha kadhaa za Ulaya jina lake limegeuzwa kivumishi cha kumsifia, au kumsengenya, mwanamke mnene. Lakini tukiuliza habari za kazi, tunakuta kwamba Rubens aliendesha karakana. Yeye alibuni, akatoa michoro midogo ya rangi za mafuta, na wasaidizi wake walisaidia kuikuza kuwa picha kubwa za makanisa na majumba ya wafalme. Wanawake wengi katika picha hizo ni miungu na mashujaa wa hadithi za kale. Unene wao ni wa shibe, wa neema na rutuba. Ni mawazo yaliyovikwa nyama.

Mmoja ni tofauti. Mnamo Desemba 1630 Rubens, akiwa mjane wa miaka 53, alimwoa Hélène Fourment, binti wa miaka 16. Miaka michache baadaye alimchora amesimama uchi, amejifunika koti la manyoya ambalo halimfuniki sawasawa. Picha hiyo inaitwa Het Pelsken, yaani Kikoti cha Manyoya, na leo iko Vienna, katika jumba la makumbusho la Kunsthistorisches. Magoti yana mikunjo, titi limesukumwa juu na mkono, ngozi inabonyea. Hapa hatuoni wazo bali mtu. Na Rubens alijua hivyo, maana alipofariki mwaka 1640 picha hii haikwenda sokoni pamoja na nyingine. Kwa wosia alimwachia Hélène mwenyewe.

Jambo hili la wosia lina maana kubwa kwangu. Mchoraji alikiri kwamba aliyechorwa ana haki fulani juu ya picha yake. Hata hivyo, Hélène hatumsikii. Hakuacha neno juu ya kusimama kwake mbele ya mume aliyemzidi miaka 37, baridi ya Antwerp ikipenya chini ya koti. Kwa Hélène kauli ya kutendwa imekamilika: amechorwa, basi. Ilibidi zipite zaidi ya karne tatu na nusu ndipo apatikane modo mnene atakayesimulia.

Namna Freud alivyofanya kazi

Lucian Freud alizaliwa Berlin mwaka 1922. Ni mjukuu wa Sigmund Freud, yule wa elimu ya nafsi ambaye walimu wetu wa nadharia hawachoki kumtaja. Mwaka 1933, Wanazi walipotwaa madaraka, wazazi wake walihamia Uingereza, naye akaishi huko mpaka alipofariki London mwaka 2011.

Historia ya mchakato wake ina sehemu mbili, na mpaka kati yake ni kiti. Kijana Freud alichora akiwa amekaa, karibu kabisa na modo, kwa brashi nyembamba za manyoya laini. Picha za wakati huo ni bapa na safi, macho makubwa, kila unywele unahesabika. Katika miaka ya 1950 alichoka na utaratibu huo. Alichukua brashi ngumu za manyoya ya nguruwe, akasimama. Tangu hapo alichora kwa kusimama. Badiliko la tatu lilikuja katika miaka ya 1970, alipoanza kutumia aina ya rangi nyeupe yenye madini mengi ya risasi. Ni rangi nzito, yenye chembechembe, inayovimba juu ya kanvasi. Alitaka rangi isiishie kufanana na nyama ya mwili bali iwe ndiyo nyama. Mtu akisikia hivyo anaweza kudhani ni maneno ya wasanii tu. Lakini tazama: rangi aliyoichagua kuonesha uzito wa mwili ni rangi ambayo yenyewe ni nzito. Fani na maudhui, zile tunazozitenganisha katika aya mbili za mtihani, hapo zimeshikana.

Siku ya kazi ilikwendaje? Kwanza yalikuwa mapatano. Kulikuwa na picha za mchana na picha za usiku, na modo alikubali kuja tena na tena kwa miezi, wakati mwingine zaidi ya mwaka. Mchoraji David Hockney, ambaye Freud alimchora mwaka 2002, alikaa zaidi ya saa 100. Baada ya mapatano, Freud alichora mistari michache ya mkaa juu ya kanvasi. Kisha akaanza kupaka mahali pamoja, mara nyingi usoni, na kutoka hapo picha ikasambaa polepole kama doa la mafuta kwenye karatasi ya maandazi. Alichanganya rangi upya, akapaka, akafuta brashi kwa matambara. Matambara hayo ya mashuka yaliyochakaa yalirundikana studio mpaka yakawa yenyewe sehemu ya picha. Utayaona katika kazi zake za miaka ile.

Na liko sharti moja linalonishangaza kuliko yote. Freud alitaka modo awepo hata siku anayochora sakafu au ukuta. Aliamini kwamba mtu akiwepo chumba kinabadilika, na rangi ya mbao za sakafu nayo inabadilika. Hivyo modo alilipwa na kulazwa pale wakati mchoraji akihangaika na ubao.

Hapa nikumbushe utumbuizo wa Mwana Manga, ambao mapokeo humpa Fumo Liyongo. Nao unamsifu mwanamke kiungo kwa kiungo, kuanzia kichwani kushuka chini. Ukiusoma haraka utasema Freud na malenga wa pwani wanafanya jambo moja. Lakini malenga hakuhitaji bibi huyo awepo. Sifa zake zilikuwa tayari katika desturi ya ushairi, nyusi zinajulikana zifananishwe na nini, shingo vilevile. Malenga alichagua kutoka ghala. Freud hakuwa na ghala. Bila modo hakuwa na cha kupaka. Si kusema kwamba mmoja ni bora. Nasema kwamba katika mfano wa pili, aliyechorwa ni sharti la kazi, siyo kisingizio chake.

Kazi ya Sue Tilley

Sue Tilley alikuwa karani, baadaye msimamizi, katika ofisi ya serikali mjini London iliyoshughulikia wasio na ajira: kuwatafutia kazi na kuwalipa posho. Tukumbuke mazingira. Uingereza ilikuwa imetoka katika mdororo wa uchumi, na mwanzoni mwa 1993 wasio na kazi nchini humo walikuwa karibu milioni 3. Kwa hiyo mchana Sue alikuwa upande wa pili wa meza, mbele ya foleni. Usiku alikuwa mtu wa vilabu vya London, rafiki wa Leigh Bowery, msanii wa jukwaani kutoka Australia, mwenyewe pande la mtu, ambaye Freud alianza kumchora mwaka 1990. Bowery ndiye aliyewakutanisha. Rafiki zake Sue walimwita Big Sue, yaani Sue Mkubwa. Nami nasema: karibu, dada, tuko wengi.

Picha ya kwanza, Evening in the Studio, yaani Jioni Studioni, ni ya mwaka 1993. Sue amelazwa uchi juu ya mbao tupu za sakafu. Nyuma yake yuko mwanamke mwingine aliyevaa nguo zake, na mbwa amelala. Sue amesimulia kwamba kulala hapo kulimtesa. Jaribu mwenyewe, ndugu msomaji, ulale sakafuni bila godoro kwa saa tatu pasipo kugeuka, halafu urudi kesho. Na ukiwa mnene kama mimi, uzito wako wote unaketi juu ya nyonga moja na bega moja. Unene, ambao mtazamaji anauita umbo, kwa modo ni mzigo wa kubeba akiwa hajitingishi.

Picha zilizofuata zilimpa kochi. Benefits Supervisor Resting, yaani Msimamizi wa Mafao Anapumzika, ni ya 1994: amekaa, kichwa kimeanguka nyuma. Benefits Supervisor Sleeping, Msimamizi wa Mafao Amelala, ni ya 1995. Hii ndiyo mashuhuri. Amejilaza kwenye kochi la maua lililochakaa, shavu limebanwa na mkono wa kochi, mkono wake mmoja umeshika titi, mwingine umetupwa juu ya mgongo wa kochi. Tumbo linashuka kufuata mvutano wa dunia. Mwaka 1996 ikaja Sleeping by the Lion Carpet, ambamo amesinzia kitini mbele ya zulia lenye simba.

Kwa simulizi yake, picha ya 1995 ilichukua kama miezi 9, na ujira ulianza na paundi 20 kwa siku. Anasimulia bila kinyongo, kwa ucheshi, na anakumbuka chakula na mazungumzo. Basi tusimlilie kwa niaba yake, kama wahakiki wa mrengo wetu wa kushoto tunavyopenda. Lakini hesabu zenyewe ziandikwe. Tarehe 13 Mei 2008, katika mnada wa Christie's mjini New York, Msimamizi wa Mafao Amelala iliuzwa kwa dola milioni 33.6. Ilikuwa bei kubwa kuliko zote zilizowahi kulipwa mnadani kwa kazi ya msanii aliye hai. Mwaka 2015, Freud akiwa amekwishafariki, ile ya 1994 iliuzwa kwa dola milioni 56.2. Fedha hizo hazikwenda kwa modo, na za 2008 hazikwenda kwa mchoraji pia. Zilikwenda kwa aliyekuwa akiimiliki picha. Mwanafunzi yeyote aliyesoma habari za thamani ya ziada anaweza kumalizia aya hii mwenyewe.

Usingizi wa mfanyakazi

Sasa tuirudie picha tukiwa na maarifa haya. Wapo wanaosema Freud ni katili. Mwanamume amevaa, amesimama, ana brashi. Mwanamke hana nguo, amelala, hana neno. Nyama imewekwa wazi kama buchani. Hoja hii ina nguvu, nami siikatai yote. Ni kweli kwamba uwezo wa kuamua haukuwa sawa, kama usivyokuwa sawa kati ya mwajiri na kibarua. Ingawa haki itendeke: mwaka 1993, akiwa na miaka 70, Freud alijichora mwenyewe uchi, mzee aliyenyauka, buti miguuni hazina kamba zilizofungwa, mkononi ubao wa rangi na kisu. Jicho lile lile alilielekeza kwake.

Lakini hoja ya ukatili inasahau kitu kimoja: Sue amelala kwa nini? Katika picha za kale mwanamke uchi aliyelala ni mungu wa mapenzi, na usingizi wake ni mwaliko. Ni kana kwamba amelala ili atazamwe. Sue analala kama anavyolala mtu kwenye daladala ya jioni, mdomo umelegea, shavu limekunjika. Ni uchovu. Alikuwa na kazi mbili: ya ofisini na ya kulala. Na Freud, ambaye angeweza kuiita picha yake jina lolote, hakuiita Mwanamke Mnene, wala Sue Mkubwa, wala Uchi. Aliipa cheo chake cha kazini. Kwa hiyo kichwa cha picha kinatuambia tunamtazama mfanyakazi katika saa asiyokuwa ofisini. Katika picha za wanene nilizoziona mimi, ni chache mno ambazo jambo la kwanza tunaloambiwa juu ya mwanamke ni kazi yake.

Papo hapo kichwa hicho kimemnyima jina. Na hapa nitaleta ulinganisho mmoja wa namba. Mwaka 2001 Freud alimaliza kumchora Malkia Elizabeth II. Picha hiyo ina upana wa sentimita 15.2 na urefu wa sentimita 23.5, kama daftari dogo. Picha ya Sue ya 1995 ina urefu wa kwenda juu sentimita 151.3 na upana sentimita 219. Kwa eneo, karani amepewa kanvasi zaidi ya mara 90 ya malkia. Malkia amepata jina lake. Karani amepata nafasi. Yupi amekwezwa? Mimi sina jibu la mstari mmoja, na ndiyo sababu sentensi ya "amechorwa kama" inanichosha. Haina mahali pa kuweka majibu mawili yanayopingana.

Niongeze kwamba sisi wa huku tunaziona picha hizi vitabuni na kwenye simu. Kwenye skrini ya simu Sue anakuwa mdogo kuliko kidole gumba, rangi haivimbi, miezi 9 haionekani. Kinachobaki ni mwanamke mnene yuko uchi, na watu wanacheka. Nimeshuhudia kicheko hicho. Ukiondoa kazi kwenye picha, unabakiwa na umbo, na umbo peke yake huishia kuwa kichekesho au tamaa.

Jenny Saville: kutoka kuchorwa hadi kujichora

Mwaka 1992, kabla Freud hajammaliza Sue hata mara moja, msichana wa miaka 22 alikuwa anahitimu katika chuo cha sanaa cha Glasgow. Jenny Saville alizaliwa Cambridge mwaka 1970. Kazi yake ya kuhitimu ni pamoja na Propped, yaani Aliyeegemezwa, yenye urefu wa zaidi ya mita 2. Mwanamke uchi, mzito, ameketi juu ya kigoda chembamba, miguuni viatu vyeupe, vidole vinakwaruza mapaja yake mwenyewe. Tunamtazama kutoka chini, magoti makubwa mbele, kichwa kidogo kule juu. Modo ni Saville mwenyewe, lakini mwili ameukuza kuliko ulivyokuwa.

Mchakato wake ni mwingine kabisa. Yeye hamlazi mtu miezi 9. Anapiga au kupigwa picha za kamera, anazitandaza, anachora kutokana nazo pamoja na kioo na mwili wake. Baadaye, mwaka 1994, alikwenda New York kumtazama daktari wa upasuaji wa kurekebisha maumbo akiwa kazini. Tayari mwaka 1993 alikuwa amechora Plan, yaani Mpango: mwanamke mnene ambaye mwilini mwake imechorwa mistari kama ile ambayo madaktari huichora kabla ya kunyonya mafuta. Waliosoma jiografia wataitambua mara moja. Ni kontua, kana kwamba mwili ni mlima unaosubiri kupimwa na kuchimbwa.

Kwetu sisi wa fasihi kuna jambo la pekee katika Propped. Juu ya rangi Saville ameandika maneno kwa kukwaruza, na ameyaandika kinyumenyume. Ni ya mwanafalsafa Luce Irigaray, na kwa ufupi yanawaonya wanawake kwamba wakiendelea kusema kwa lugha ileile waliyoisema wanaume karne kwa karne, watashindwa kufikiana wao kwa wao. Picha ilipooneshwa mwanzoni iliwekewa kioo mbele yake, ili mtazamaji ayasome maneno kiooni, mahali ambapo anajiona na yeye mwenyewe. Mwaka 2018 iliuzwa London, katika mnada wa Sotheby's, kwa paundi milioni 9.5, bei iliyokuwa haijawahi kufikiwa mnadani na kazi ya mwanamke msanii aliye hai.

Kisarufi, hapa kitenzi kimebadilika. Hélène alichorwa. Saville amejichora. Kiambishi kidogo "ji" kimefanya mapinduzi: mtenda na mtendwa ni mtu mmoja, na lugha yenyewe imepakwa juu ya ngozi ili tuisome kwa shida. Na Sue yuko wapi kati ya hawa wawili? Naona kauli yake ni ya kutendesha. Alimchoresha Freud. Brashi hakuishika, lakini bila mwili wake uliotulia, bila uvumilivu na hata usingizi wake, Freud asingekuwa na cha kuchora. Na mwaka 1997 alikwenda mbali zaidi: aliandika kitabu cha maisha ya Leigh Bowery, rafiki yake aliyefariki siku ya mwisho ya mwaka 1994. Yule tuliyemjua kama aliyelala aliamka akachukua kalamu.

Hitimisho

Sitetei kwamba kila modo ni msanii, wala kwamba ujira wa paundi 20 uligeuka haki kwa sababu picha ni nzuri. Sitetei pia kwamba Saville amefuta tatizo. Picha yake nayo imeishia kwenye kuta za matajiri kama ya Freud. Ninachotetea ni utaratibu wa kuhakiki. Kabla ya kuandika "mwanamke amechorwa kama", tuulize: nani alikuwepo kazi ikifanyika? Kwa muda gani? Kwa malipo gani? Kwa jina lipi?

Maswali haya yanafaa kwa riwaya pia. Mara nyingi mhusika mnene katika hadithi zetu anaingia na kivumishi kimoja mlangoni, "mwanamke mmoja mnene", anapika au anacheka au anadai kodi ya nyumba, anatoka. Mwandishi hakukaa naye. Hajui anavyolala, hajui nyonga ipi inamuuma, hajui cheo chake kazini. Tofauti kati ya mhusika huyo na Sue Tilley si ya heshima tu. Ni ya saa. Mmoja amepewa nusu sentensi, mwingine amepewa miezi 9, na mwili ule ule mzito unaochekwa katika nusu sentensi umekuwa mtu.

Wenzangu wa mwaka wa pili wanaojiandaa na karatasi ya riwaya, nawaombeni mjaribu. Mchukueni mhusika mnene mmoja, yeyote, mhesabu mistari aliyopewa na mwandishi, kisha mwandike nini kimo ndani ya mistari hiyo zaidi ya unene wake. Nadhani mtahitaji karatasi ndogo sana. Na hapo ndipo uhakiki utakapokuwa na kazi ya kufanya.